Chumvi Inayokausha Mimea: Tujihadhari na Bromaidi



Chumvi ni rafiki wa jikoni. Mboga bila chumvi haina ladha. Lakini chumvi ikimwagwa shambani huwa adui. Mahali ilipomwagwa mimea hunyauka na kukauka.

Zipo pia chumvi nyingine ambazo hazifai kuingia jikoni kabisa. Leo tutajifunza juu ya mojawapo. Jina lake ni bromaidi. Tutaona inatoka wapi, inaidhuru vipi mimea, inaingiaje katika mwili wa mtu, na tufanye nini ili familia zetu zisipate madhara.

Somo hili linawahusu wote wanaolima bustani na wote wanaotunza mahindi ghalani. Linawahusu zaidi wenzetu wa Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui na Tabora yote, ambako tumbaku na mahindi ndiyo kazi ya kila mwaka.

CHUMVI YA NJIA YA MISAFARA

Watu wa magharibi ya Tanzania wanaijua chumvi tangu zamani sana. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji katika ziwa Tanganyika. Kati ya Tabora na Ujiji iko Uvinza. Huko Uvinza, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia katika mto Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi. Wazee walichota maji hayo, wakayachemsha katika vyungu mpaka maji yakaisha na chumvi ikabaki. Kazi hiyo ilifanyika kwa zaidi ya miaka 1,000. Wapagazi waliibeba chumvi ya Uvinza mabegani na kuipeleka mbali, nayo ikabadilishwa kwa nafaka, majembe na nguo.

Fikiri juu ya kazi hiyo ya wazee. Maji yalipanda juu kama mvuke. Chumvi haikupanda. Ilibaki chini katika chungu. Shika jambo hili vizuri, maana ndilo litakalotuonyesha jinsi mmea unavyokufa kwa chumvi.

BROMAIDI NI NINI?

Chumvi ya jikoni imefanywa kwa vitu viwili: sodiamu na klorini. Vikiungana hupatikana chumvi tunayoila. Bromini ni ndugu wa klorini. Nayo ikiungana na sodiamu au potasiamu hupatikana chumvi nyeupe inayofanana sana na chumvi ya jikoni. Chumvi za namna hiyo huitwa bromaidi.

Bromini iligunduliwa mwaka 1826 na Mfaransa aitwaye Antoine Balard. Aliipata katika maji yaliyobaki baada ya watu kutengeneza chumvi ya bahari. Kwa hiyo bromaidi si kitu kigeni duniani. Katika lita moja ya maji ya bahari mna miligramu 65 hivi za bromaidi. Hata miili yetu ina bromaidi kidogo sana. Kidogo hicho hakidhuru. Madhara huja ikizidi.

Bromaidi nyingi huingiaje shambani? Njia kubwa ilikuwa dawa ya kufukiza iitwayo methili bromaidi. Hiyo ni gesi. Haina rangi, na karibu haina harufu. Ni nzito kuliko hewa zaidi ya mara 3, kwa hiyo hulala chini, katika mashimo na katika pembe za ghala. Gesi hii ilipofukizwa, sehemu yake kubwa iliruka hewani. Lakini sehemu nyingine ilivunjika ndani ya udongo au ndani ya nafaka, ikaacha chumvi ya bromaidi.

GESI HII ILITUMIKA WAPI?

Kwanza, katika vitalu vya tumbaku. Tumbaku ilianza kulimwa kwa wingi Urambo baada ya mpango wa karanga wa serikali ya Waingereza kushindwa mwaka 1951. Mbegu ya tumbaku ni ndogo sana, na mche wake hushindwa upesi na magugu, ukungu na minyoo ya mizizi. Kwa hiyo kitalu lazima kisafishwe kabla ya kusia mbegu. Wakulima wengi walichoma kuni na matawi juu ya kitalu, nao moto ukaua magugu na minyoo. Katika nchi za Afrika zenye mashamba makubwa ya tumbaku, kama vile Zimbabwe na Malawi, methili bromaidi ilitumika sana. Kitalu kilifunikwa kwa nailoni, kopo la dawa likatobolewa chini yake, na gesi ikaua kila kilichokuwa hai katika udongo.

Pili, katika maghala ya nafaka. Watu wazima wa Tabora wanamkumbuka dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi mpaka yakawa unga. Wengine walimwita Skania, kwa jina la malori makubwa ya wakati ule. Asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa kwetu alijulikana katika mkoa wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akaenea Afrika. Ili kumzuia, maghala makubwa na malundo ya magunia yalifukizwa kwa gesi. Methili bromaidi ilikuwa mojawapo ya gesi hizo.

Siku hizi gesi hii haitumiki tena kwa kazi za kawaida za shamba. Mwaka 1992 mataifa yaliiingiza katika orodha ya vitu vinavyoharibu tabaka la ozoni, lile tabaka la juu angani linalotukinga na miale mikali ya jua. Nchi tajiri zilitakiwa kuiacha ifikapo mwaka 2005, na nchi zinazoendelea ifikapo mwaka 2015. Imeruhusiwa kubaki kwa kazi chache, hasa kufukiza mizigo inayosafirishwa kutoka nchi hata nchi ili wadudu wasivuke mipaka. Kazi hiyo hufanywa na wataalamu peke yao.

Basi kwa nini tujifunze habari zake? Kwa sababu makopo ya zamani hayapotei yenyewe. Kwa sababu nafaka iliyofukizwa husafiri mpaka kijijini. Na kwa sababu somo la bromaidi ni somo la chumvi zote zinazoharibu udongo.

CHUMVI INAUAJE MMEA?

Chumvi huudhuru mmea kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kiu. Katakata vitunguu na nyanya utengeneze kachumbari. Tia chumvi, kisha ungoje kidogo. Utaona maji yamejaa bakuli. Maji hayo hukuyatia wewe. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya vitunguu na nyanya. Chumvi ikizidi katika udongo, hufanya hivyo hivyo kwa mizizi. Mizizi hushindwa kuvuta maji, hata kama udongo umelowa. Mkulima humwagilia asubuhi na jioni, lakini mimea inanyauka. Ina kiu katikati ya maji.

Njia ya pili ni sumu. Mmea hauwezi kutofautisha vizuri bromaidi na klorini ya chumvi ya kawaida. Zote mbili huingia mizizini pamoja na maji, zikapanda mpaka majani. Hapo kumbuka chungu cha Uvinza. Jani hutoa maji hewani kama chungu kinavyotoa mvuke. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Kila siku inaongezeka kidogo. Mwisho jani linashindwa.

Dalili zake ni hizi:

1. Mbegu nyingi hazioti, au zinaota kwa kuchelewa.
2. Miche inadumaa.
3. Ncha na kingo za majani zinageuka manjano, kisha zinakauka kama zimeunguzwa na moto. Majani ya zamani huanza kwanza.
4. Mmea mzima unanyauka ingawa udongo una maji.

Mimea haiko sawa. Vitunguu na vitunguu saumu ni dhaifu mbele ya bromaidi. Tumbaku huivumilia zaidi. Kwa hiyo kitalu kilichotoa miche mizuri ya tumbaku kinaweza kuua vitunguu vilivyopandwa baadaye. Lakini hata tumbaku haitoki salama. Ikivuta bromaidi au klorini nyingi, jani lake haliwaki vizuri, na ubora wake hushuka.

Kuna jambo la hatari zaidi kwa afya. Mboga za majani zinaweza kukusanya bromaidi nyingi bila kufa. Jani linaonekana bichi na zuri, kumbe limebeba chumvi hiyo. Huko Uholanzi walilima saladi katika udongo uliofukizwa, na bromaidi ikaonekana katika saladi na katika maji. Hiyo ni moja ya sababu zilizofanya nchi hiyo iache kufukiza udongo kwa gesi hii mapema kuliko wengine.

BROMAIDI KATIKA MWILI WA MTU

Hapa tutenganishe mambo mawili: gesi na chumvi.

Gesi ya methili bromaidi ni sumu kali. Mtu akiivuta huumwa kichwa, hupata kizunguzungu, hutapika, huona ukungu machoni, hutetemeka na kutembea kama mlevi. Ikiwa nyingi, mapafu hujaa maji, mtu hupata degedege na hufa. Ikigusa ngozi hutoa malengelenge. Hupenya hata katika viatu na glavu. Tena dalili zinaweza kuchelewa saa nyingi, hata siku 2. Mtu anarudi nyumbani akisema, "Mimi ni mzima," na usiku anazidiwa. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii mwilini.

Chumvi ya bromaidi hudhuru polepole. Kuanzia mwaka 1857 madaktari wa Ulaya waliitumia kutuliza kifafa, baada ya daktari Charles Locock wa London kuieleza. Ilisaidia wengi, lakini waliokunywa nyingi kwa muda mrefu walipata ugonjwa mwingine. Walisinzia mchana, walisema maneno yasiyoeleweka, walisahau, walipepesuka, na ngozi ilitoka vipele. Wengine walidhaniwa kuwa walevi au wenye wazimu. Sababu ni kwamba bromaidi haitoki mwilini upesi. Baada ya siku 12 hivi, nusu yake bado imo. Ukiongeza kila siku, inajikusanya, kama inavyojikusanya katika jani.

Je, mahindi yaliyofukizwa yanaweza kuliwa? Yakifukizwa na wataalamu, yakapewa hewa ya kutosha, na kiasi cha bromaidi kikawa chini ya kipimo, yanaliwa. Kipimo cha kimataifa kwa nafaka ni miligramu 50 za bromaidi katika kilo moja. Hicho ni kama sehemu moja ya mia ya kijiko cha chai cha chumvi. Lakini usitegemee jiko kuondoa kosa la ghalani. Bromaidi ni chumvi. Moto hauichomi, na ugali hauigeuzi.

Ziko habari nyingine za mahindi hayo ambazo mkulima lazima azijue. Methili bromaidi inaweza kuua kiini cha mbegu, hasa mbegu yenye unyevu, au kama dawa imezidi. Tuseme familia imepata mahindi ya ghala wakati wa njaa, ikayala mengine na mengine ikayaweka kwa mbegu. Mvua za Novemba zinakuja. Wanapanda shamba zima, na hayaoti. Mpaka wagundue, mvua za kwanza zimepita. Hiyo ni njaa juu ya njaa. Mahindi ya chakula si mahindi ya mbegu.

TUFANYE NINI?

Mambo ya bustani:

1. Usipande mboga za majani wala vitunguu katika kitalu kilichotiwa dawa yo yote ya udongo, mpaka umuulize bwana shamba dawa hiyo ni ipi na ingoje muda gani.

2. Fanya jaribio la makopo mawili. Kopo la kwanza lijaze udongo unaoutilia shaka. La pili lijaze udongo mzuri. Toboa matundu chini ya makopo yote. Panda mbegu 10 za vitunguu katika kila kopo, mwagilia sawasawa, uyaweke mahali pamoja. Baada ya siku 10 hesabu miche. Endelea kuitazama kwa wiki 4. Ikiwa kopo la kwanza lina miche michache, iliyodumaa au yenye ncha zilizokauka, udongo huo haufai bado. Lakini angalia: miche ikiota vizuri, jaribio halikuhakikishii kwamba majani ni salama kuliwa. Swali hilo ni la mtaalamu.

3. Udongo wenye chumvi huoshwa kwa maji. Bromaidi haishikwi sana na udongo. Maji mengi ya mvua huishusha chini, mbali na mizizi. Ndiyo maana kitalu kilichofukizwa zamani na kunyeshewa mvua nyingi za masika huwa kimesafika. Lakini maji hayo hayapotei. Yanaweza kushuka mpaka kisimani. Kwa hiyo kitalu kinachotiwa dawa kisiwe karibu na kisima wala juu ya mteremko wa kisima.

4. Usimwage maji ya chumvi ya samaki au ya ngozi penye mimea. Usitumie chumvi kuua magugu mahali unapotaka kulima baadaye. Majivu nayo yana chumvi. Kidogo ni mbolea, mengi huunguza.

5. Kitalu kinaweza kusafishwa bila sumu. Kilowanishe, kifunike kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, uzibe kingo kwa udongo, ukiache katika jua kali kwa wiki 4 hadi 6. Joto litaua magugu na minyoo mingi. Njia hii inapunguza pia ukataji wa miti ya kuchomea vitalu.

Mambo ya ghala na makopo:

6. Ukikuta kopo la dawa la zamani, usilitoboe, usilichome, usilizike, wala usilitumie kuchotea maji au kupimia unga. Wazuie watoto wasilisogelee. Mwarifu bwana shamba au mwenyekiti wa kijiji, naye awaarifu watu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

7. Unga mweupe usiojulikana usionje, hata ukifanana na chumvi. Nunua chumvi ya chakula iliyofungwa vizuri, yenye madini joto.

8. Ukiona ghala au gari limeandikwa "HATARI" au lina picha ya fuvu, usiingie, hata kama husikii harufu. Methili bromaidi haikupi taarifa kwa pua.

9. Vidonge vya kufukizia mahindi vinavyouzwa siku hizi si bromaidi. Vinatoa gesi nyingine, fosfini, nayo pia inaua. Viache kwa mtu aliyefundishwa. Na familia isilale kamwe katika nyumba yenye mahindi yaliyofukizwa.

MTU AKIVUTA GESI

Usikimbilie ndani ya ghala kumwokoa kama huna kifaa cha kupumulia. Badala ya maiti moja mtakuwa na maiti mbili. Fungueni milango yote kutoka nje, mkaite msaada. Akiisha kutolewa, mpelekeni penye hewa safi. Mvueni nguo na viatu, kwa sababu gesi hubaki humo. Osheni ngozi kwa maji mengi. Msimpe maziwa wala kumtapisha, maana sumu imo mapafuni, haimo tumboni. Mpelekeni zahanati upesi, mkaeleze jina la dawa. Hata akisema hajambo, akae chini ya uangalizi kwa siku 2.

Na mtu akionekana kusinzia ovyo, kupepesuka na kusema ovyo wakati hakunywa pombe, msikimbilie kusema amerogwa. Mwulizeni anafanya kazi gani na anashika dawa gani. Kisha mpelekeni hospitali.

TUKUMBUKE

Bromaidi hufanana na chumvi ya jikoni kwa macho, na hata mmea hudanganyika. Maji huondoka, chumvi hubaki. Yalikuwa hivyo katika chungu cha Uvinza. Ni hivyo katika jani la mchicha, na ni hivyo katika mwili wa mtu. Anayejua jambo hili atauliza kabla ya kupanda, na atauliza kabla ya kula.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mmea wenye chumvi nyingi hunyauka ingawa udongo umelowa?
2. Kwa nini jani bichi na zuri laweza kuwa na bromaidi nyingi?
3. Kuna hatari gani katika kupanda mahindi ya ghala kama mbegu?
4. Mtu akianguka ndani ya ghala lililofukizwa, mtafanya nini kwanza? Mtaepuka nini?

KAZI YA KIKUNDI: Tembeleeni vitalu, maghala na visima vya kijiji chenu. Hesabuni makopo ya dawa yaliyotupwa ovyo, bila kuyagusa. Andikeni mahali yalipo, mkampelekee bwana shamba orodha hiyo.